Rimu Hazisimamishi Gari

Wacha niseme mapema ndio mnitukane mapema: wengi wetu tunaonunua BMW za zamani hatupendi magari. Tunapenda kuonekana tukishuka kwa magari. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na tofauti yake karibu imuue dada yangu.

Nasema "sisi" kwa sababu kwenye hiyo foleni mimi niko mbele. Kama unanifuata tangu mwanzo, unaijua ile E30 yangu. 320i ya 1989, silinda sita kwa mstari mmoja, ile dashibodi iliyogeuzwa kidogo ikutazame wewe dereva kama bibi harusi. Niliipata kwa anko wangu kule Ngong, ilikuwa imelala chini ya turubai miaka mingi, kuku wanataga kwa bampa. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa tatu, uhandisi, karo imekataa na kusema ukweli hata mimi nilikuwa nimekataa. Kontenti ilikuwa imeanza kulipa kidogo. Nikasema hii ndio mtaji.

Nikaanza "kuitengeneza". Hebu angalieni nilitengeneza nini. Rimu: elfu 65, na tairi juu yake. Springi: nikampata jamaa na grinda, akazikata raundi mbili, gari ikalala chini kama paka anayewinda. Eksosi: toboa, toa saileansa, ipige kelele mpaka jirani ajue nimerudi. Rangi: nyeusi ya kung'aa. Kiti: ngozi. Taa: zile za moshi. Video ya kwanza ikapita watu laki mbili. Nikajiona nimefika.

Chini ya boneti? Nilibadilisha oili. Nikaongeza maji ya mfereji kwa radieta. Basi. Hiyo ndio ilikuwa matengenezo yangu ya gari yenye umri wa kunizidi.

Sasa sikia. Jumapili moja nilikuwa namrudisha dada yangu shule, bodingi kule upande wa Naivasha, midtemu imeisha. Sanduku lake la bati liko nyuma, yeye yuko mbele na simu yangu mkononi. Nilimpa kazi: anirekodie sauti ya eksosi tukishuka Mai Mahiu, maana pale kwa ule mteremko, ukiachilia mafuta, gari inapasuka pasuka vizuri. Nikashuka vile watu hushuka: gia ya nne, mguu kwa breki. Breki, achilia, breki, achilia. Mbele kuna lori, nyuma kuna matatu inanisukuma na taa.

Tukikaribia kile kikanisa kidogo walichojenga mateka Wataliano wakati wa vita, nikakanyaga breki na pedali ikashuka mpaka chini. Haikugoma wala haikupiga kelele. Ilishuka tu, laini, kama kukanyaga sifongo. Nikapampu mara mbili, mara tatu. Hakuna kitu. Lori linakuja. Nikapiga gia ya tatu, nikapiga ya pili, injini ikalia kama mbuzi wa Krismasi, nikavuta handibreki pole pole maana ile inavuta kwa kebo, haina habari na mafuta. Nikatoka barabarani, nikaiegemeza kwa ukingo wa udongo. Bampa ikaenda, taa ikaenda. Sisi hatukuenda.

Kimya. Vumbi. Simu bado inarekodi. Dada yangu akanigeukia, hajalia hata, akaniuliza tu: "Si uliniambia umeitengeneza?"

Hiyo video sijawahi kuiweka popote. Hiyo sentensi ndio sababu ya hii kitu unasoma.

Kwa Kiswahili chetu hilo neno kutengeneza linabeba mambo mawili. Unatengeneza kilichoharibika, na pia unajitengeneza kabla ya kwenda harusini. Mimi nilikuwa nimeitengeneza gari kama mtu anayejitengeneza kwa kioo. Na nilimwambia mtoto wa mama yangu apande, kwa lile neno.

Nieleze kilichotokea, kwa sababu mtu asikudanganye eti ni "bahati mbaya" ama eti "hizo gari za Mzungu ni kisirani". Ni fizikia ya kidato cha tatu. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki ndio yanapeleka nguvu ya mguu wako mpaka kwa gurudumu. Yanafanya hivyo kwa sababu kiowevu hakikubali kubanwa. Lakini mafuta hayo yana tabia moja: yananyonya unyevu kutoka hewani, mwaka baada ya mwaka, hata gari ikiwa imelala chini ya turubai. Mafuta ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka mpaka 155. Na hiyo ni maji kidogo tu, chini ya asilimia 4. Sasa shuka mteremko mrefu na mguu kwa breki. Diski inapata moto, moto unapanda mpaka kwa mafuta, mafuta yanachemka, yanatoa mvuke. Na mvuke unabanwa. Kwa hiyo unakanyaga mvuke. Unakanyaga hewa, buda.

Kitu kibaya zaidi ni hiki: baada ya nusu saa, pedali ilirudi ngumu kama kawaida. Mafuta yalipoa, mvuke ukageuka maji tena. Matatu ingine ikasimama, dereva akaijaribu, akaniambia, "Iko sawa hii, twende." Unaelewa mtego huo? Ni wangapi wameambiwa iko sawa wakaendelea? Dada yangu akapanda ile matatu na sanduku lake. Mimi nikaita breakdown, nikalipa elfu 12, nikarudi Nairobi kwa kiti cha lori nikitazama rimu zangu zikining'inia.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi, gereji ya mabati nyuma ya Kirinyaga Road. Akafungua niple ya breki, mafuta yakatoka rangi ya strungi. Akaninusisha. Akaniuliza, "Kijana, hii ulibadilisha lini?"

Nikamwambia, "Mzee, sikujua hubadilishwa."

Hakucheka. Ningependa angecheka. Aliinama kwa tairi zangu, zile za elfu 65 pamoja na rimu, akaweka kidole kwa ubavu na kunionyesha namba nne ndani ya kiduara: 1109. Wiki ya 11, mwaka wa 2009. Hizo tairi zilitoka kiwandani dada yangu akivaa nepi. Nilikuwa nimezipaka dawa nyeusi zikang'aa, nikazipiga picha za karibu. Namba iko kwa hizo picha. Watu laki mbili waliiona na hakuna hata mmoja aliyeisoma, mimi nikiwemo.

Na nyinyi mnaosema "ndio maana uliacha chuo", subirini kidogo. Nilifanya mtihani wa themodainamiki kabla sijaacha. Nilipita vizuri. Ningekuchorea grafu ya maji kuchemka usiku wa manane. Hakuna siku moja mtu alituambia, kama darasa, tutoke nje tufungue boneti ya gari ya mhadhiri. Chuo kilinipa grafu bila gari. Intaneti ikanipa gari bila grafu. Mzee wa mabati ndiye aliyeviweka pamoja, na hana hata ukurasa wa kumfuata.

Basi nirudi kwa vita yangu. Niko na makundi matatu ya kugombana nayo leo.

Kundi la kwanza ni sisi wa picha. Wasee, tuache uongo. Kukata springi na grinda sio ubunifu. Springi imehesabiwa ikae kwa urefu fulani. Ukiikata, gari inagonga kwa kila shimo, na mashimo sisi tunayo. Kwa E30, springi ya nyuma imekaa tu kwa kikombe chake. Ukiifupisha halafu gurudumu lining'inie, inaweza kutoka mahali pake. Unafanya hivyo kwa sababu gari ikiwa chini inaonekana "iko tayari". Tayari kwa nini? Kwa barabara gani ya Nairobi? Hesabu yangu mwenyewe nimeshakuonyesha: elfu 65 kwa rimu, sufuri kwa mafuta ya breki. Chupa ya nusu lita haikufika elfu moja. Wali wa kuku na soda ya watu wawili. Hicho ndicho nilikosa "bajeti" yake.

Kundi la pili ni wale wa "ungenunua tu Vitz". Nawaheshimu, Vitz ni gari nzuri, mama yangu anaendesha moja. Lakini mnachosema hakifuati. Mnasema gari za Ulaya za zamani hufa. Zinakufa na nini? Tuchukue ugonjwa wanaosingiziwa zaidi, kupata moto. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hapa maji yanachemka kwa kama digrii 94, sio 100. Mfuniko wa radieta unabana presha ndio maji yasichemke mapema. Mfuniko umezeeka, hauzibi, wewe unaongeza maji ya mfereji, yanachemka kwa msongamano wa Mombasa Road, unaongeza tena. Hiyo injini bloku yake ni chuma, kichwa chake ni alumini. Maji matupu yanakula alumini kidogo kidogo. Siku moja inapata moto kabisa, kichwa kinajipinda, gasketi inaungua, moshi mweupe, na wewe unaandika "BMW ni takataka". Mfuniko na kulanti vingekuokoa. Hiyo Vitz unayoisifu, ifanyie hivyo miaka kumi na wewe uniletee majibu.

Hata Wajerumani wenyewe walijua binadamu husahau. Kwa dashibodi ya E30 kuna mstari wa taa ndogo: kijani tano, njano moja, nyekundu moja. Gari inahesabu vile unaiendesha, na taa za kijani zinapungua moja moja mpaka ikuambie imefika wakati wa huduma. Gari ya miaka ya themanini, bila simu, bila programu, ilikuwa inakukumbusha. Kwa gari yangu hazikuwaka. Betri ndogo zilizo nyuma ya dashibodi zilivuja zamani, kama zilivyovuja kwa nyingi za aina hii. Niliona hazifanyi, nikasema afadhali, zingeniharibia picha ya usiku.

Kundi la tatu nitaligusa kwa adabu, kwa sababu ni watu wa jasho: mafundi wa "toa hiyo, haina kazi". Gari inapata moto, fundi anatoa thermostati anaitupa. Umeshaona? Hiyo iko kila mtaa. Ati maji yapite kwa wingi. Lakini thermostati ya hii injini haifungui njia ya radieta tu, inafunga pia ile njia ya mkato inayorudisha maji kwa injini bila kupitia radieta. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka humo humo yakiwa moto. Umelipa kuumizwa. Ukijaza kulanti, kuna skrubu ndogo juu ya nyumba ya thermostati ya kutolea hewa. Unafungulia hita mpaka mwisho, unalegeza skrubu, unangoja mapovu yaishe. Dakika ishirini za uvumilivu. Fundi asiyejua hiyo skrubu anakuambia radieta imeziba, anakuuzia ingine. Sikulaumu fundi peke yake. Sisi ndio tunamwambia, "Mzee, fanya tu itembee." Ukiomba itembee, utapewa ya kutembea. Kusimama hukuomba.

Na usiniletee hadithi ya "hii ni mambo ya matajiri wa Karen na Muthaiga". Kweli, kila mwaka pale Ngong Racecourse kuna Concours d'Elegance, magari yamesuguliwa mpaka unajiona kwa injini, na ukienda na mkebe wako unajihisi mkebe. Lakini angalia Afrika Kusini. BMW walikuwa wanaunganisha E30 kule Rosslyn, karibu na Pretoria, na vijana wa mitaa kama Soweto wakaipa jina lao, Gusheshe. Wanaizungusha kwa moshi mpaka tairi zinapasuka, wanaruka dirishani ikizunguka. Huwezi kuwaita watu wa makumbusho. Lakini gari inayofanyiwa hivyo na kesho irudi uwanjani, kuna mtu usiku ameishusha propela, ameangalia zile bushi, ameskiza injini. Kelele ni ya mchana. Kazi ni ya usiku. Sisi tulikopa kelele tu.

Kuna sababu nyingine ya kukasirika. E30 ya mwisho ilitoka kiwandani 1994. Sheria yetu ya kuingiza magari hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo hakuna meli inayokuja Mombasa na E30 ingine. Zilizoko ndizo hizo. Kila moja tunayoiua kwa ajili ya video ya sekunde thelathini, imekwisha. Inachinjwa Grogan, mlango huku, kioo kule. Walizitunza wazee wa wizara, walimu, akina anko, miaka thelathini na kitu. Sisi tunazimaliza kwa misimu miwili, halafu tunajiita wapenzi wa magari.

Najua hoja yenu ya mwisho, na hiyo ni ya haki: pesa. Spea ni ghali, feki ni nyingi, na kijana wa miaka 22 anatoa wapi? Jibu langu ni gumu na nilijipa mwenyewe kwanza. Kama huna pesa ya breki, huna pesa ya gari. Una pesa ya picha. Endesha ukiwa na stoki zile mbaya za chuma, rangi imepauka, redio haifanyi. Hiyo ndio gari ya mtu maskini anayejiheshimu. Nilianza na vitu visivyopigika picha: mafuta ya breki, kila miaka miwili. Kulanti na mfuniko. Mkanda wa taiming, kwa sababu kwa hii silinda sita ukikatika valvu zinagonga pistoni na injini imeisha hapo hapo. Ni wa kubadilisha kila miaka minne hata kama gari haitembei, na wangu hakuna aliyejua umri wake. Tairi, kwa kusoma ile namba nne. Springi nzima. Niliuza rimu kwa hasara, elfu 40, na zilizobaki nikaongeza kwa miezi mitano. Niliuza bila zile tairi. Tairi nilizikata kwa kisu mbele ya mnunuzi, akaniona mwendawazimu.

Tuliandika insha yake sote darasa la saba: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukapewa alama. Hakuna aliyetuambia kwamba wakati mwingine ukuta wenyewe ndio unakuangukia, na hauangukii aliyeuacha ufa. Unaangukia aliyekaa kiti cha kando.

Hapo ndipo mimi nasimama. Mambo yako na gari yako ni yako, unasema. Mwili wako, pesa zako, hatari yako. Sawa. Lakini hakuna anayepiga hizo picha peke yake. Kuna demu wako, kuna boyi wako wa nyuma, kuna mama anayevuka na viazi. Hao hawakuona chupa yako ya mafuta ya breki. Waliona rimu wakadhani mtu anayeweza rimu hizo hawezi kukosa breki. Hiyo ndio inaniuma: rimu ni ahadi, na mimi nilikuwa nimeahidi kitu ambacho sikuwa nacho.

Dada yangu alikaa muhula mzima bila kupanda gari yangu. Mwezi wa nane nilienda kumchukua. Alikuja na sanduku lake, akaliweka chini, akafungua mlango wa dereva, akaketi pale na sare yake ya shule. Akakanyaga breki. Akashikilia, akahesabu kwa sauti mpaka kumi, kuona kama itashuka. Haikushuka. Akatoka, akazunguka, akapanda upande wake. Hakusema kitu.

Sasa wewe. Kabla hujanijibu, shuka kwa parking na tochi ya simu. Fungua boneti. Tafuta kile kikopo kidogo karibu na dereva, angalia rangi ya mafuta ndani. Kama ni ya strungi, usiniandikie mimi. Mwandikie unayembeba kesho.